Barabara Huanzia Kwenye Daftari

Hotuba ya mkaguzi wa hesabu wa chama katika hafla ya chakula cha jioni ya kuchangia barabara ya kata yetu, Dar es Salaam

 

Kamati iliponiomba nizungumze ilinipa dakika ishirini, ikanisihi nisiwachoshe watu kwa hesabu maana watakuwa wanakula. Nimejitahidi. Lakini ukimwalika mhasibu kwenye harambee halafu ukamkataza kutaja namba, ni kama umemwita fundi ukamwambia aache nyundo nyumbani. Namba zitakuwepo. Nyingi zinatoka India, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza jambo ninalotaka kuwaambia usiku huu kuhusu barabara yetu.

Wengi mnajua kwamba nilisoma shahada yangu Pune, jimbo la Maharashtra, kuanzia mwaka 2001 hadi 2004. Hosteli nililala chumba kimoja na binti wa jimbo lile lile, tukazoeana mpaka tukawa ndugu. Mwaka 2002 chuo kilipofungwa kwa sikukuu ya Diwali, akaniambia, "Huwezi kubaki hapa peke yako kama mtu asiye na kwao. Twende nyumbani."

Tulipanda basi jekundu la serikali ya jimbo katika stendi ya Swargate. Mabasi yale kila mtu huyaita ST, na watu wa Maharashtra wana usemi kwamba palipo na barabara pana ST. Basi likatoka mjini, likaanza kupanda milima ya Sahyadri kona kwa kona, abiria na magunia na kuku, likatufikisha kwenye kisoko kidogo, likageuza. Usemi ulikuwa wa kweli. Barabara iliishia pale, na ST nayo ikaishia pale.

Kutoka pale tulitembea kama saa mbili. Njia ilipita ubavuni mwa mlima. Chini kulikuwa na majaruba ya mpunga, juu mashamba ya ulezi. Tulipishana na akina mama wenye mizigo kichwani, na mzee mmoja aliyekaa juu ya jiwe akivuta pumzi, mfuko wa dawa mkononi. Nikamwambia rafiki yangu, "Dada, mbona umenileta Upare?" Hakujua Upare ni wapi, lakini alicheka. Jioni tukala mkate wa ulezi uliookwa juu ya bamba la chuma. Nikawaeleza kwamba hata kwetu ulezi upo, ila sisi zaidi tunaunywa.

Baba wa rafiki yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Watu wote walimwita Guruji, yaani mwalimu, hata wazee waliomzidi umri. Baada ya chakula alileta daftari la mistari, lile la watoto wa shule, akaniwekea mbele yangu chini ya taa ya kandili. Alikuwa ameambiwa kwamba mgeni anasomea uhasibu. Mle ndani alikuwa ameandika kila nyumba ya kitongoji chao: mkuu wa kaya, mkewe, watoto, mama mjane anayelala chumba cha nyuma. Akaniomba nimhakikishie jumla.

Nilijumlisha mara mbili. Nilipata watu mia nne sitini na kitu. Guruji akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Akanyamaza. Mkewe akainuka akaenda jikoni. Sikuelewa nimekosea nini.

Ndugu zangu, naomba nieleze kwa nini namba ile ilizima mazungumzo ya nyumba nzima.

Tarehe 25 Desemba 2000 serikali ya India, wakati Atal Bihari Vajpayee akiwa Waziri Mkuu, ilizindua mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Ilikadiriwa wakati ule kwamba India ilikuwa na makazi ya vijijini kama 825,000, na kama 330,000 kati ya hayo hayakuwa na barabara ya kupitika mwaka mzima. Makazi hapa maana yake ni kile tunachokiita kitongoji, kwa sababu kijiji kimoja cha huko, kama chetu, kinaweza kuwa na vitongoji vitano vilivyotawanyika juu ya mlima.

Sasa, vitongoji 330,000 havijengewi barabara kwa mwaka mmoja. Nani aanze? Serikali ingeweza kusema tuanze na wanaopiga kelele zaidi, au wenye mbunge mwenye nguvu. Ikaamua kutumia hesabu ya watu. Kwanza vitongoji vyenye watu 1,000 na zaidi. Vikiisha, vyenye watu 500 na zaidi. Kwa majimbo ya milimani, maeneo ya jangwa na maeneo ya makabila, kiwango kilishushwa hadi 250. Milima ya Sahyadri, ingawa ni milima kweli na magoti yangu ni shahidi, ilikuwa ndani ya jimbo ambalo halikuhesabiwa kuwa la milimani. Pale kiwango kilikuwa 500.

Ukiwa na watu 501 umo. Ukiwa na 499, uko nje. Ndiyo maana nyumba ilinyamaza. Binti wa kigeni, amekula ulezi wao, amewajumlishia hesabu yao vizuri kabisa, na jumla inasema hawana barabara.

Lakini Guruji alikuwa mwalimu, alikuwa amesoma kanuni mpaka mwisho. Kanuni zilisema kwamba vitongoji vilivyo ndani ya mita 500 vinaweza kuunganishwa katika kuhesabu watu. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kitongoji kingine kidogo cha watu wasiozidi mia moja. Asubuhi alichukua kamba ya kisimani, akaipima kwa rula ya darasani, akanipa nishike ncha moja. Tukavuka kijito kamba ikiwa imenyooshwa, watoto wote wa kijiji nyuma yetu. Ilikuwa kama mita mia nne. Siku ile nilielewa uhasibu kuliko nilivyouelewa darasani.

Siku iliyofuata walikutana chini ya mti, mwenyekiti wa baraza la kijiji akiwepo, yule wanayemwita sarpanch. Hapo akasimama bwana mmoja akasema: kwa nini tuhangaike na kamba? Tuna watoto wetu wengi Mumbai, wanafanya kazi viwandani na majumbani. Tuwaandike wote, tutavuka 500 bila kumtegemea mtu wa ng'ambo ya kijito. Wengi wakapiga makofi. Rafiki yangu alinitafsiria jibu la baba yake: mkaguzi akija akakuta majina ya watu wasiolala hapa, hata wale wanaolala hapa hawataaminiwa. Basi daftari likabaki na watu waliokuwepo, wa pande mbili za kijito.

Niwaambie kwamba jaribu lile halikuwa la kijiji kile peke yake. Sensa ya India hutoa idadi ya watu kwa kijiji; idadi ya kila kitongoji ilipelekwa juu na mamlaka za chini. Baadaye watafiti walipozipanga zile namba zilizopelekwa kwenye mpango, waliona vitongoji vingi kuliko inavyotarajiwa vimekaa juu kidogo tu ya 500 na juu kidogo tu ya 1,000. Ninyi mnaofanya kazi za fedha mnalijua jambo hili. Risiti zote zikiwa chini kidogo ya kiwango kinachohitaji saini ya bosi, huhitaji shahidi.

Nilirudi Pune. Rafiki yangu aliniambia mengine yaliyofuata, kwanza chuoni, kisha kwa barua pepe, na siku hizi kwa simu.

Hesabu ilikubaliwa. Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mpango ule unalipa ujenzi, haulipi ardhi. Njia ya miguu ina upana wa mtu na mzigo wake, barabara inataka zaidi. Utaratibu wao ni kwamba kabla ya michoro kukamilika, wahandisi, viongozi na wanakijiji hutembea pamoja njia nzima kwa miguu, wakionyeshana barabara itapita wapi, shamba la nani litaguswa, mti gani utakatwa. Wenye mashamba hutoa kipande chao bila fidia, au barabara inasubiri.

Walipotembea, ikaonekana kwamba mashamba yaliyokuwa kikwazo zaidi ni ya wale waliokuwa Mumbai. Wale ambao Guruji alikataa kuwahesabu kama wakazi, sasa alilazimika kuwaandikia barua mmoja mmoja. Wapo waliokubali kwa juma moja. Wapo waliosema barabara ni jambo jema, lakini ipite kwa jirani. Kipande kimoja kilichelewesha kazi kwa zaidi ya mwaka, na mwenyewe alikuwa hajakanyaga pale tangu mazishi ya mama yake.

Barabara ilifika miaka sita baada ya mimi kushika ile kamba. ST ikaja baadaye, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Ilikuwa miaka sita kwa watu waliokuwa na hesabu safi na mwalimu asiyechoka. Kwa hiyo mtu akiwaambia usiku huu kwamba barabara yetu itaisha kabla ya Krismasi, mwombeni awaonyeshe daftari lake.

Ndugu zangu, katika vijiji vya India mimi si mtaalamu. Niliishi kule miaka mitatu na nimebaki na ndugu kule. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia habari ya barabara zile kama wengine wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Naomba niwape mambo matatu niliyoyaokota.

La kwanza ni daftari lenyewe. Sensa ya India ya mwaka 2011 iliorodhesha vijiji zaidi ya 640,000. Katika vitabu vya sensa vya wilaya, kila kijiji kina mstari wake: watu wangapi, shule ipo au haipo, zahanati, posta, basi, barabara ya lami. Kama kitu hakipo kijijini, pale pameandikwa herufi. Herufi a maana yake kinapatikana chini ya kilomita 5. Herufi b ni kati ya kilomita 5 na 10. Herufi c ni zaidi ya 10. Nimewahi kufungua kurasa zile nikaona vijiji vyenye c mfululizo: basi c, hospitali c, benki c. Huhitaji kufika pale. Ukisoma mstari ule unamwona mama anayetembea. Na mtu wa mipango aliyekaa ofisini naye anaweza kumwona. Sisi mama zetu wanatembea vilevile, lakini mstari wao uko wapi?

Hata hivyo daftari huchakaa. India ilikuwa ifanye sensa nyingine mwaka 2021, ikaahirishwa kwa sababu ya UVIKO. Awamu ya nne ya mpango wa barabara iliyopitishwa mwaka 2024, inayolenga vitongoji 25,000, inatumia idadi ya watu ya mwaka 2011. Mtoto aliyezaliwa baada ya sensa ile alikuwa tayari yuko shule, na kwa upande wa barabara hajazaliwa.

La pili ni gharama ya kutohesabiwa. Baadhi yenu mmeona filamu ya Kihindi ya Dashrath Manjhi. Alikuwa mtu wa kweli, kibarua maskini wa kijiji cha Gehlaur, jimbo la Bihar. Kijiji chake kilitengwa na kilima cha mawe, na tiba ilikuwa ng'ambo. Baada ya kumpoteza mkewe, Falguni Devi, alichukua nyundo na tindo akaanza kukichonga kile kilima peke yake. Alianza mwaka 1960, akamaliza 1982. Njia aliyoikata ina urefu wa kama mita 110. Ilifupisha safari kati ya maeneo mawili ya wilaya yake kutoka kilomita 55 hivi hadi 15. Alipofariki mwaka 2007 serikali ya jimbo ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Watu wakisimulia habari yake husifu mapenzi na uvumilivu, na wana haki. Mimi kwa ugonjwa wangu wa kazi huangalia upande wa gharama. Miaka 22 ya mtu mmoja kwa mita 110. Hiyo ndiyo bei ya kijiji kisichokuwamo kwenye daftari la mtu yeyote: hulipwa na mtu mmoja kwa mwili wake. Na kwetu imelipwa. Hakuna meza ukumbini humu isiyo na jina la mtu aliyebebwa kwa machela usiku, kwenye utelezi, mpaka mahali gari linapoishia. Wengine walifika. Sitataja jina la kwetu, nanyi hamna haja ya kutaja la kwenu.

La tatu, na hapa naomba wale wanaoahidi utajiri wanisamehe, ni kile barabara inachofanya na kile isichofanya. Ile kanuni ya 500 iliwapa watafiti nafasi nzuri. Kijiji cha watu 490 na kijiji cha watu 510 vinafanana kwa kila kitu, ila kimoja kina uwezekano mkubwa zaidi wa kupata barabara. Wachumi wawili, Sam Asher na Paul Novosad, wakavilinganisha, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020. Waligundua kwamba miaka minne baada ya barabara, jambo kubwa lililobadilika ni watu kuacha kutegemea kilimo na kwenda kwenye kazi za ujira. Mavuno, kipato na mali za kaya havikubadilika sana. Katika utafiti mwingine walioufanya na Anjali Adukia, walikuta watoto wakibaki shuleni zaidi, hasa madarasa ya juu ya msingi, na wakifanya vizuri zaidi kwenye mitihani.

Rafiki yangu aliposikia nikimweleza hayo alisema, "Ungeniuliza mimi." Kaka yake mdogo hupanda pikipiki alfajiri kwenda kiwandani pembezoni mwa Pune, jioni amerudi, anakula na mama yake. Bila barabara angekuwa Mumbai, anakuja Diwali tu. Shamba halijawa dhahabu. Lakini mama hali peke yake.

Nimeleta habari hii kwa sababu tukichangia barabara huku tukiamini kwamba mwaka ujao tangawizi yetu itatajirisha kila nyumba, tutavunjika moyo haraka. Tangawizi itashuka Same kwa nauli nafuu, hilo ni jema. Lakini faida ya uhakika ni mgonjwa kufika, mtoto kubaki shule, na kijana kufanya kazi mbali bila kuhama kwao. Mimi ningelipia hayo hata kama bei ya tangawizi isingepanda hata senti.

Sasa nigeukie nyumbani, na nianze na mimi mwenyewe.

Wengi mnakumbuka kile kipande cha barabara tulichokijenga kwa michango yenu na kwa msaragambo wa ndugu zetu kule. Wazee walibeba mawe. Akina mama walipika makande kwa ajili ya watu wa kazi. Mimi ndiye niliyekagua hesabu za kazi ile. Kila risiti ilikuwepo, kila shilingi ilionekana, nikaweka saini kwamba hesabu ni sahihi. Masika mawili yakapita. Leo pale kuna korongo. Maji yalikosa mtaro, yakapita katikati ya barabara, yakachukua changarawe na kuacha mifupa. Hesabu zangu bado ni sahihi. Barabara haipo.

Sikumlaumu mtu wakati ule na simlaumu mtu sasa. Kosa lilikuwa kwenye bajeti, na mimi niliipitia. Hatukuweka hata shilingi moja ya matunzo. India kwenye mpango ule mkandarasi hafungi mkataba wa kujenga tu. Mkataba wake unamtaka aitunze barabara ile kwa miaka mitano baada ya kuikamilisha. Lile lingekuwa swali langu la kwanza kama mkaguzi, na sikuuliza. Nimelibeba tangu wakati ule, na hii ndiyo sababu halisi iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Kwa hiyo maombi yangu ni matatu, na hayafanani na yale mliyozoea kwenye hafla hizi.

Ombi la kwanza ni kuhesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Katika idadi hiyo mimi nilihesabiwa Dar es Salaam, nilikolala, na ninyi karibu wote vilevile. Hii maana yake ni kwamba kila mmoja wetu ukumbini humu ni mtu mmoja aliyepungua kule juu. Mtu akisema kata yetu ina watu wachache mno kwa barabara, tusimkasirikie. Uchache huo ni sisi. Sidai kwamba kwetu kuna kanuni ya 500 kama ya India. Lakini atakayetupangia kalvati au gari la wagonjwa, awe TARURA, halmashauri au mfadhili, atauliza swali lile lile: mko wangapi, na mnapitisha nini? Nataka Desemba hii tutakapopanda nyumbani, kila kitongoji kiwe na daftari. Wakazi wanaolala pale kweli. Wanafunzi na umbali wao. Wajawazito. Magunia yanayoshuka kila wiki. Tutafanya kazi hiyo na wenyeviti wa vitongoji, na vijana wetu wa vyuo wataandika. Msiniletee majina ya watu wa Dar humo. Mkaguzi ni mimi, na nawajua wote.

Ombi la pili ni ardhi. Kwa mujibu wa taarifa ya kamati, njia yetu haiwezi kupanuliwa mahali kadhaa kwa sababu ya mashamba, na mengi ni ya watu waliomo ukumbini humu. Nimekuwa nikimfikiria yule bwana wa Mumbai aliyeshikilia kipande chake zaidi ya mwaka, na nimeona aibu, kwa sababu ile kona mbaya kuliko zote, pale magari yanapokwama, ni shamba la marehemu baba yangu. Tumelirithi mimi na kaka zangu watatu. Kwa miaka yote hii tumesema "tutakaa tuzungumze." Wiki iliyopita tulikaa. Tumetia saini barua ya kutoa ukanda wote unaohitajika pale konani, pamoja na migomba iliyopo. Barua hii hapa, na ninamkabidhi mwenyekiti mbele yenu. Wenye vipande vingine, sitawataja. Kamati ina karatasi na kalamu pale mlangoni.

Ombi la tatu ni fedha, na mlijua nitafika. Wapare tunatajwa kwa kubana. Wanasema Mpare hatoi shilingi mpaka aione inakokwenda. Mimi naona hiyo ni sifa njema, na ninawaomba muitumie usiku huu. Napendekeza kwamba katika kila shilingi 100 tutakazochanga, 20 zisiguswe na ujenzi. Ziwekwe akaunti yake peke yake, kwa ajili ya mitaro, kalvati na changarawe, kwa miaka mitano. Itamaanisha barabara fupi zaidi mwaka huu. Najua kuna watakaonung'unika kwamba haijafika kwao. Lakini ni afadhali kilomita mbili zilizopo kuliko tatu zilizokuwepo. Kila mwaka nitachapisha matumizi ya akaunti ile kwenye kijitabu hiki hiki, na safari hii pamoja na hesabu nitaweka picha ya barabara iliyopigwa mwezi wa masika. Nikileta hesabu bila picha, msiikubali.

Nimalizie. Guruji alifariki miaka michache iliyopita. Rafiki yangu alinitumia picha ya mazishi. Kwa desturi yao mwili huchomwa, na watu walikuwa wamejaa, wa pande zote mbili za kijito. Nyuma yao, pembezoni mwa picha, kulikuwa na basi jekundu limesimama, limewaleta waombolezaji mpaka pale. Nilimwuliza lile daftari liko wapi. Akasema kaka yake analo, na kila mwaka baada ya mavuno wanaongeza waliozaliwa na kufuta waliohama.

Ninyi kwenye meza yenu mna bahasha na fomu ya ahadi. Kabla hamjaandika kiasi, nyuma ya fomu kuna nafasi nimeomba iongezwe. Pale andikeni jina la kitongoji chenu, na idadi ya watu mnaojua wanalala nyumbani kwenu usiku huu. Kama hamjui, pigeni simu sasa hivi, bado hawajalala.